Majina ya Makundi ya Watu katika Usambara

Kila mwanafunzi wa Kiswahili hufundishwa mapema majina ya makundi: bumba la nyuki, mtungo wa samaki, tita la kuni, mkungu wa ndizi, umati wa watu. Orodha hizi zina faida yake, kwa kuwa humkumbusha mwanafunzi kwamba wingi si hesabu tu. Samaki wa mtungo wameshikwa na uzi, kuni za tita zimefungwa kwa kamba, ndizi za mkungu zimezaliwa pamoja, na nyuki wa bumba wameshikana wao kwa wao pasipo mtu wa kuwafunga. Basi ndani ya kila jina la kundi imo habari ya kifungo kilichovikusanya vitu vile mahali pamoja. Anayesema "tita la nyuki" hucheka wenzake, kwa sababu amesema uongo juu ya kifungo.

Makala haya yataka kuuliza juu ya makundi ya watu swali lilo hilo tunalouliza juu ya nyuki na kuni, na kulijibu kwa historia ya milima ya Usambara. Tunapoandika Wakilindi, Washambaa, Wabondei na Wambugu, mbona twadhani kwamba majina haya ni ya namna moja? Ni kifungo gani kinachosemwa na kila moja? Jambo hili si la wanasarufi peke yao. Katika milima hiyo watu walipewa utawala kwa sababu ya jina la kundi lao, wengine wakauzwa kwa sababu ya jina hilo hilo, na baadaye serikali ikagawa vyeo kwa kufuata orodha ya majina. Mwanahistoria asiyejua majina hayo yasema nini hana budi kukosea anapoeleza waliyotenda wenyewe.

Kanuni ya viambishi

Kiswahili kina njia nyepesi ya kutaja watu. Shina moja likipewa viambishi vyake huzaa maneno manne: Mzigua, Wazigua, Kizigua, Uzigua, Mpare, Wapare, Kipare, Upare. Tumepata mtu, watu, lugha na nchi, wala hatukuhitaji kujifunza ila neno moja. Wageni walioandika sarufi zetu walipendezwa sana na kanuni hii, nasi tuliozaliwa nayo twaitumia bila kuifikiri.

Lakini kanuni hii ina hatari yake. Humfanya msomaji aamini kwamba palipo na watu pana na lugha yao, na palipo na lugha pana na nchi yake, na kwamba mpaka wa vitu hivyo vitatu ni mmoja. Sarufi huahidi jambo ambalo historia haikuahidi. Mifano itakayofuata itaonyesha jinsi ahadi hiyo inavyovunjika Usambara, tena katika majina yale yale yajulikanayo sana.

Zirai na Kilindi

Kwa habari za Usambara ya zamani, kitabu kikuu katika lugha yetu ni Habari za Wakilindi, kilichoandikwa na Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemi, mtu wa pwani aliyewajua watawala wa milimani kwa karibu. Kilipigwa chapa na misheni ya Magila kwa sehemu tatu, ya kwanza mwaka 1895 na ya mwisho mwaka 1907, kisha kikatolewa upya mwaka 1962 chini ya uhariri wa J. W. T. Allen. Wanahistoria wameyapima mengi ya masimulizi yake, na hapana haja ya kuyakubali yote kama yalivyo ili tupate kujifunza namna yanavyowataja watu.

Mbega, kwa masimulizi hayo, alizaliwa Ngulu. Alikuwa kigego, yaani mtoto ambaye meno yake ya juu yalitangulia kuota, na kigego aliogopwa kuwa ni nuhusi kwa jamaa zake. Wazazi wake walipokwisha kufa, ndugu zake wakamnyima urithi. Akatoka, akaenda Kilindi, akapokewa vema huko kwa sababu ya uhodari wake wa kuwinda. Siku moja mwana wa mkuu wa Kilindi aliuawa na nguruwe mwitu wakiwa windoni pamoja, na Mbega akakimbia kwa kuogopa kudaiwa damu. Akavuka mto Ruvu, ambao wengine huuita Pangani, akaingia milimani, akakaa Zirai. Hapo watu walipata nyama kwake, naye akapata kwao vyakula vya shambani. Sifa zake zikafika Bumbuli, kisha Vuga, na Vuga ndiko alikowekwa kuwa mfalme.

Sasa tuyatazame majina. Mzaliwa wa Ngulu, aliyekuwa mgeni Kilindi, mgeni Zirai na mgeni Bumbuli, akatawala Vuga. Uzao wake haukuitwa kwa nchi aliyozaliwa, wala kwa mji aliotawala. Uliitwa Wakilindi, kwa jina la mahali alipopita na kupakimbia. Tukiishika kanuni ya viambishi, twapaswa kutafuta nchi ya Wakilindi na lugha ya Kikilindi. Kilindi iko, lakini iko Ngulu, ng'ambo ya mto, wala Wakilindi wa Vuga hawakuitawala. Lugha ya Kikilindi haiko kabisa: Wakilindi walisema lugha ya mama zao na ya watu waliowatawala. Kwa desturi yao mfalme alioa katika koo nyingi za nchi, na wana waliozaliwa wakapelekwa kutawala vijiji, mara nyingi palipokuwa na wajomba zao. Hivyo kila Mkilindi alikuwa Mkilindi kwa baba, na kwa mama alikuwa mtu wa mahali.

Kifungo cha jina hili, basi, ni nasaba ya baba iliyounganika na haki ya kutawala. Wakilindi ni ukoo uliogeuka kuwa daraja. Anayeandika "kabila la Wakilindi" amewafunga kwa kamba isiyo yao.

Na wale waliompokea Mbega waliitwaje? Hapa yafaa tuangalie jambo dogo la lugha. Masimulizi huwataja kwa mahali pao: watu wa Zirai, watu wa Bumbuli, watu wa Vuga. Neno "watu wa" halidai lugha wala damu. Ladai makao tu. Wazee wa Zirai walimpokea mwindaji kwa shida zao wenyewe, wa Bumbuli kwa zao, wa Vuga kwa zao. Kijiji kilipatana na mgeni, kisha kijiji kingine kikasikia. Mwandishi wa siku hizi asemaye kwamba kabila la Washambaa lilimkubali Mbega kuwa mfalme amefuta mapatano mengi akaandika moja, na kwa kalamu yake amewakutanisha watu ambao masimulizi yenyewe hayakuwakutanisha. Umoja wa nchi chini ya Vuga ndio uliokuja baadaye. Hauwezi kuwa chanzo cha mambo yaliyouzaa.

Leo jina la Zirai limo katika orodha ya kata za wilaya ya Muheza, upande wa Usambara ya Mashariki. Kata nayo ni kundi la watu, na kifungo chake ni mpaka uliowekwa na serikali. Hivyo neno moja la mahali laweza kubeba vifungo viwili kwa zamani mbili, nasi hatuna budi kusema ni kipi tunachokikusudia.

Milimani, bondeni na nyikani

Jina la Washambaa ni la namna nyingine. Wenyeji huita nchi yao Shambaai, na ile sauti ya mwisho ina kazi ile ile iliyo nayo -ni ya Kiswahili katika mlimani au nyumbani. Steven Feierman, katika kitabu chake cha mwaka 1974 juu ya ufalme huu, ameeleza kwamba Shambaai kwa wenyeji ni nchi ya juu, yenye baridi na mvua, itambulikanayo kwa mimea yake, nayo ni kinyume cha nyika, yaani nchi ya chini yenye joto na ukame na maradhi yake. Mshambaa basi kwa asili ya jina ni mtu wa nchi ya namna hiyo, anayejua kulima migomba yake na kuishi kama waishivyo watu wa huko.

Vivyo hivyo Bondei ni bonde pamoja na sauti ile ile ya mahali. Mbondei ni mtu wa bondeni, wa nchi iliyo chini ya milima kuelekea pwani. Majina haya mawili hutazamana: mmoja yuko juu, mwingine yuko chini, na kila mmoja aitwa kwa mahali anaposimama. Hali kama hiyo iko kwingineko. Wasukuma wameitwa kwa neno lenye maana ya kaskazini, jina lililotoka kwa jirani waliokuwa kusini yao. Jina la namna hii hutuambia pia alikosimama yule aliyelitoa.

Jina la nchi lina tabia moja ambayo jina la nasaba halina: humpokea mgeni. Mtu hawezi kujifanya mzao wa Mbega kwa kuhamia Vuga, lakini aweza kupanda mlimani, akalima, akaoa, akazika wafu wake huko, na wajukuu wake wakawa Washambaa. Wakilindi wenyewe ni ushahidi wa jambo hili. Husimulia bila haya kwamba walitoka Ngulu, na hata hivyo kwa vizazi vingi wamehesabiwa kuwa Washambaa. Majina mawili yamekaa juu ya mtu mmoja pasipo ugomvi, kwa kuwa moja lasema ametoka kwa nani, na la pili lasema anaishi wapi.

Yafaa pia tutaje maandishi ya jina lenyewe. Watu wa pwani walisema Usambara, na Krapf, aliyezuru nchi ya Kimweri mwaka 1848 na tena mwaka 1852, alilichukua jina hilo hilo. Wajerumani waliochunguza lugha waliandika Schambala, kama Karl Roehl katika sarufi yake ya mwaka 1911. Wenyeji husema Shambaa, bila l wala r kati ya irabu zile mbili. Leo milima imebaki Usambara, nao watu huandikwa Wasambaa au Washambaa. Kwa hiyo hata shina lenyewe halikubaki moja: nchi yaitwa kwa matamshi ya pwani, na wakazi wake kwa matamshi yao.

Kiva

Kimweri ye Nyumbai, mfalme mkuu wa Vuga, alifariki mwaka 1862 kwa hesabu ya Feierman. Baada yake Wakilindi waligawanyika. Semboja alikuwa Mazinde, chini ya milima, karibu na njia ya misafara, akipata bunduki na baruti. Mjukuu wa Kimweri, Shekulwavu, alikuwa Vuga. Vita vya watawala vikawa biashara ya watu, na wengi wakatelemshwa Pangani kuuzwa.

Katika taabu hizo, mwishoni mwa miaka ya 1860, watu wa Bondei pamoja na watu wa Usambara ya Mashariki waliondoka kuwafukuza Wakilindi. Maondoko hayo yakaitwa Kiva. Neno hili lastahili kuangaliwa na kila mchunguzi wa majina ya makundi. Kiva halikuwa jina la nchi, wala la ukoo, wala la lugha. Walioingia humo walikuwa wa bondeni na wa milimani, wenye koo mbalimbali, na kifungo chao kilikuwa tendo: kuwaondoa watawala. Kundi la namna hii huzaliwa siku tendo linapoanza, na kwa kawaida hufa linapokwisha. Halina mtoto wala mjukuu wa kulirithi, na kwa sababu hiyo halimo katika orodha yo yote ya makabila. Hata hivyo lilifanya lile ambalo makundi yenye majina makubwa hayakulifanya: liliutenga upande mmoja wa ufalme na Vuga.

Upande wa pili wa jambo hilo ni wa kuhuzunisha. Siku za Kiva, kuitwa Mkilindi kulikuwa hukumu. Jina lililompa mtu ugali na heshima jana lilimfanya leo auawe au auzwe. Hapo ndipo tofauti ya majina tuliyoieleza ilipokuwa na uzito wa damu. Kama jina la nchi ndilo lingetawala, Mkilindi aliyezaliwa mahali, na mama wa mahali, angehesabiwa kuwa mwenzao. Lakini waliosimama kinyume chake walichagua kuusoma upande wa baba. Mtu yule yule, ambaye kwa kifungo cha makao alikuwa jirani, kwa kifungo cha nasaba akawa adui. Majina yote mawili yalikuwa ya kweli. Lililoamua ni lile lililochukuliwa mkononi siku ile.

Tangu hapo jina la Wabondei likaanza kubeba zaidi ya bonde. Justin Willis, katika makala yake ya mwaka 1992, ameonyesha jinsi Wabondei walivyopata kuwa kabila katika historia iliyo karibu, na jinsi habari za Kiva na kazi za misheni zilivyohusika na kutengenezwa kwa umoja huo. Jina la mahali likageuka kuwa jina la watu wenye kumbukumbu moja. Haya ni mabadiliko ya kweli, wala hatusemi kwamba Wabondei si watu kamili. Twasema tu kwamba jina lao lina tarehe, kama vitu vingine vya historia.

Wambugu na lugha mbili

Mfano mwingine unavunja kanuni ya viambishi kwa njia ya ajabu zaidi. Katika Usambara ya Magharibi, kati ya Washambaa, wako wafugaji wa ng'ombe waitwao Wambugu. Wengine wao hujiita Va-Ma'a. Wanaisimu wameshangaa juu yao kwa muda mrefu. Mwaka 1971 Morris Goodman alitoa makala akiuita mwenendo wa lugha yao kuwa ni jambo geni, na mwaka 2003 Maarten Mous akatoa kitabu kizima juu ya lugha hiyo.

Mambo yenyewe kwa ufupi ni haya. Wambugu wana namna mbili za kusema. Ya kwanza ni lugha ya Kibantu iliyo karibu na Kipare. Ya pili hutumia sarufi ile ile, lakini maneno yake mengi ni mengine, na kati ya hayo mengi ni ya asili ya Kikushi. Msemaji aweza kusema jambo moja kwa namna zote mbili, viambishi vikibaki mahali pake na mashina yakibadilika. Mbali na hizo, watu hawa hujua Kishambaa cha majirani zao na Kiswahili.

Je, "Kimbugu" ni kipi? Sarufi yetu huwapa Wambugu lugha moja, kwa kuwa kiambishi ki- kimoja chatosha shina moja. Wao wenyewe wana mbili, na ile ya pili waliihifadhi kusudi, maana ndiyo inayowatenga na watu wanaowazunguka. Kwa kundi hili lugha ilikuwa ndiyo kamba, tena walijisokotea wenyewe. Wakilindi walitwaa lugha ya waliowatawala, wakabaki wamoja kwa nasaba na enzi. Wambugu hawakuwa na enzi, wakalinda maneno yao. Njia mbili tofauti za kubaki kundi, na lugha yetu imeziandika kwa kiambishi kile kile cha wa-.

Kabila na taifa

Sasa tufike katika neno ambalo siku hizi hufunika yote haya. Kabila ni neno la Kiarabu, kama yalivyo mengi ya maneno yetu ya makundi: taifa, kaumu, umma, jamii, jamaa. Kwa asili ya Kiarabu kabila ni watu wa nasaba moja. Lilipoingia Kiswahili lilikuwa na wenzake wengi wa kushindana nao, kwa kuwa pwani ilikuwa tayari na ukoo, mbari, mlango na tumbo. Maneno haya yana picha ndani yake: mlango ni wa nyumba, tumbo ni la mama.

Taifa nalo halikuwa na maana tuliyoizoea leo. Mombasa ilikuwa na Thenashara Taifa, yaani mataifa kumi na mawili yaliyokaa mji mmoja, yakigawanyika kuwa Thelatha Taifa na Tisa Taifa. Mtu wa leo akisoma maneno hayo kwa maana ya taifa lenye bendera atashangaa jinsi nchi kumi na mbili zilivyotosha katika kisiwa kidogo. Taifa hapo ni kikundi cha wenyeji wenye asili moja na mzee wao. Maneno ya makundi husafiri. Mara hupanuka, mara hupungua.

Kabila lilipanuliwa na serikali. Donald Cameron alikuja Tanganyika kuwa gavana mwaka 1925, na sheria ya mamlaka za wenyeji ikatolewa mwaka 1926. Maana yake ilikuwa kutawala watu kwa kupitia machifu wao, na kila chifu apate kabila lake. Mpango wa namna hii huhitaji orodha: jina, mpaka, na mtu mmoja wa juu. Katika Usambara Wakilindi wakarudishiwa mamlaka, na Kinyashi akawekwa Vuga. Hivyo ukoo uliojitambulisha kwa kutoka nje ukawa kichwa cha kabila la Washambaa. Wambugu wakawa ndani ya utawala ulioitwa kwa jina la wengine. Na kijiji, ambacho ndicho kilichopatana na Mbega, kikawa tawi tu la shina lililoandikwa ofisini. John Iliffe, katika historia yake ya Tanganyika ya mwaka 1979, ameeleza kwamba wenyeji nao hawakuwa watazamaji: walipoona kwamba serikali husikiliza makabila, wakayajenga ili wapate kusikilizwa.

Jambo hili halikuwa la Tanganyika peke yake. Kule pwani ya Kenya, majirani wa Mombasa waliitwa Wanyika kwa miaka mingi. Lilikuwa jina la watu wa mjini kwa watu wa nyikani, na lilikuwa na dharau. Katika karne ya 20 wenyewe wakajiita Mijikenda, yaani miji tisa. Tuangalie namna jina hilo lilivyoundwa. Halikuanza kwa wa-. Lilitaja miji na hesabu yake. Kifungo kilichosemwa ni mapatano ya makaya tisa, na kila mmoja akabaki Mgiriama, Mduruma au Mdigo kama alivyokuwa. Waliopata nafasi ya kujiita walichagua neno lililosema kweli juu ya umoja wao.

Manamba

Chini ya milima ya Usambara, katika mashamba ya mkonge, lilizaliwa jina jingine ambalo halina budi kutajwa hapa. Mkonge uliletwa nchini na Richard Hindorf mwaka 1893, na mashamba yakaenea Tanga, Muheza na Korogwe. Kazi ikahitaji watu wengi kutoka mbali. Walioandikwa kwa mkataba walipewa namba, na kwa namba hizo wakaitwa manamba.

Hili ni jina la kundi lisilo na nchi, nasaba wala lugha. Kifungo chake ni karatasi. Sarufi nayo imetoa ushahidi wake: Kiswahili hakikusema wanamba, kwa kiambishi kiwapasacho watu, kilisema manamba, kwa kiambishi cha wingi wa vitu na marundo. Tena neno hili halina umoja wa kweli. Mtu mmoja peke yake, aketiye mlangoni pake jioni, naye huitwa manamba, kana kwamba hata akiwa pekee bado ni fungu. Wenyeji wa milimani walilitumia jina hilo kwa wageni, na mara nyingi lilikuwa la kudharau. Orodha za serikali ziliwatambua watu hawa kwa makabila waliyotoka. Shamba liliwatambua kwa namba. Lakini walioishi pamoja, wakaoana na kuzikana, walijenga makazi ambayo leo yana watoto na wajukuu wasiojua kwingine. Kwao jina la mahali limeanza kufanya kazi yake ya zamani ya kupokea wageni.

Baada ya uhuru

Mamlaka ya machifu yaliondolewa kwa sheria ya mwaka 1963. Hesabu ya watu ya mwaka 1967 ndiyo ya mwisho kuwauliza wananchi makabila yao. Wakati huo huo maneno mengine yalikuwa yakipanda. Taifa, lililokuwa jina la kikundi cha mji, likawa jina la nchi nzima. Jamaa, ambalo kwa Kiarabu ni mkusanyiko na kwa Kiswahili ni ndugu wa nyumba moja, likazaa ujamaa, jina ambalo Mwalimu Nyerere alilieleza katika kijitabu cha mwaka 1962 na ambalo likawa msingi wa siasa ya nchi katika Azimio la Arusha mwaka 1967. Hapa pia mtaalamu wa lugha hana budi kuona lililotendeka: neno la kifungo cha nyumbani lilichukuliwa ili kuwafunga watu wasiojuana. Liliwaomba watu wa Zirai na watu wa Ziwa Nyasa waonane kama waonanavyo ndugu.

Neno kabila lenyewe halikufa. Limo katika kamusi zetu, katika mazungumzo, katika utani na katika vitabu vya historia. Hatusemi liachwe. Twasema litumike pale linapokuwa kweli.

Kwa hiyo napendekeza kwa watungaji wa kamusi, wafasiri na wahariri wa maandishi ya zamani kanuni tatu. Kwanza, jina la kundi liulizwe kifungo chake: ni nchi, ni nasaba, ni enzi, ni lugha, ni tendo, au ni karatasi? Kamusi isemayo tu kwamba Wakilindi, Wambugu na Wabondei ni "makabila ya Tanga" haijatueleza neno. Pili, jina lipewe tarehe yake, na mwandishi asilirudishe nyuma kuwavika watu wasiolijua. Tatu, pale matini ya zamani isemapo "watu wa", mfasiri na aache maneno hayo yabaki watu wa, asitie kabila mahali ambapo mwandishi hakulitia. Abdallah bin Hemedi alikuwa na neno hilo katika lugha yake, na hakukosa wino.

Kazi hii yahitaji kufanywa upesi, kwa kuwa majina mengi madogo ya vijiji, ya milango na ya marika hayajaandikwa. Wazee wa milimani wanaoyajua hupungua kila mwaka, na vijana wa Lushoto na Muheza huulizwa shuleni kabila lao, wala hawaulizwi kitu kingine. Jina la kundi likipotea, maneno mengine yatabaki ya kuwataja watu wale. Lakini habari ya kilichowaunganisha itakuwa imekwenda pamoja na jina hilo.